Masaa Hayadanganyi: juu ya kutoridhika kwenye shule ya mapiloti

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kwetu linaonekana kuwa la watu wa mbali: mwanafunzi wa upiloti asiyeridhika na shule yake. Mimi si piloti. Nina lisansi ya agronomia, udongo njo kazi yangu. Lakini tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki (mkataba ulitiwa sahihi tarehe 8 Aprili 2022, tukawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka ule ule), vijana wa Kasongo na Kabambare wanauliza sana juu ya Nairobi, Soroti na Addis Ababa. Na kila anayeuliza juu ya shule za ndege anarudi na hadithi zinazofanana: feza zimelipwa, ndege hazitoshi, mwalimu amepata kazi kwenye kampuni na ameondoka, kozi iliyoahidiwa miezi 18 imekuwa miaka.

Sasa sisi tunamjibu nini mtoto kama huyo akitupigia simu? Hapo njo ukosoaji wangu unaanzia. Jibu letu ni moja: "Vumilia." Mama anasema vumilia, mjomba anasema vumilia, na mchungaji ama shehe anaongeza maombi. Mimi nasema kwamba kwenye kazi ya kurusha ndege jibu lile ni baya kuliko tatizo lenyewe.

Kwanza mtu asiseme eti ni mambo ya watoto wa matajiri. Kwetu ndege ndogo si anasa. Mvua ikikata barabara, mgonjwa wa kupasuliwa anayetakiwa Bukavu ama Kindu anapita wapi? Reli inapita Samba, si mjini Kasongo, na treni haina siku ya kuaminika. Mtu wa Salamabila anajua bei ya safari kwa moto wakati wa matope. Basi yule anayekaa kiti cha mbele cha ile ndege ndogo anatuhusu sana. Tangu Umoja wa Ulaya utoe orodha yake ya kwanza mwaka 2006, kampuni za ndege za Congo zimo ndani ya waliokatazwa kuruka kule. Sababu kubwa inayotajwa ni usimamizi: nani anakagua, nani anaandika, nani anasema hapana. Mwanafunzi aliyefundishwa kunyamaza hatatutoa kwenye orodha ile.

Ile "vumilia" inatoka wapi? Inatoka kwenye vyuo vyetu. Kule tunahesabu miaka. Unalipa minervali, unanunua silabusi ya mwalimu, unafanya mitihani, mwaka unapita. Mazoezi yakikosekana, mwaka unapita vilevile. Mimi mashini ya kupandia niliiona kwenye ubao, imechorwa kwa chaki, na shamba la mazoezi la chuo lilikuwa na nyasi refu kuliko sisi. Anayeuliza anaitwa mkorofi, na mkorofi pointi zake zinajulikana. Mwisho wa yote diploma inatoka, ina muhuri, na hakuna mstari hata mmoja unaosema umeshika jembe mara ngapi. Tukaliita jambo hilo Artikili 15: kila mtu ajitafutie.

Kwenye kilimo hasara ya namna ile inaonekana pole pole. Agronoma asiyejua kazi ataharibu mihogo ya msimu mmoja. Watu watalalamika, watapanda tena. Ni hasara, lakini mara nyingi inarudishika. Kwenye ndege hakuna msimu wa pili.

Na kuna tofauti nyingine ambayo wazazi wetu hawaielezwi. Leseni ya piloti haihesabiwi kwa miaka, inahesabiwa kwa masaa. Kanuni zimeandikwa na ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, kwenye Kiambatisho cha 1 cha mkataba wa Chicago. Kwa leseni ya piloti wa biashara, ile inayoruhusu mtu kulipwa kwa kurusha, unatakiwa masaa 200 ya kuruka, ama 150 kama umesoma kozi nzima kwenye shule iliyoidhinishwa. Ndani ya yale 150, masaa 70 uwe wewe njo kiongozi wa ndege, si abiria wa mwalimu. Masaa 20 yawe safari za kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine ukiwa kiongozi, pamoja na safari moja ya angalau kilomita 540 yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Masaa 10 yawe mafunzo ya kuruka kwa kusoma vyombo. Na simulata, ile mashini ya chini inayoigiza ndege, haiwezi kuhesabiwa zaidi ya masaa 10 katika jumla. Nchi inaweza kuongeza ukali juu ya kanuni hizi, lakini huu njo msingi.

Muone uzuri wake: kutoridhika kwa mwanafunzi wa upiloti kunapimika. Sisi wa agronomia tungelalamika kwamba "elimu haina kiwango", na mkuu wa kitivo angejibu "kiwango kipo", mambo yakaishia hapo. Piloti anafungua kitabu chake cha masaa na kusema: leo ni mwezi wa 14, nimelipia masaa 150, nimeruka 61, simulata 9. Hapo hakuna siasa, ni hesabu.

Tufanye hesabu moja pamoja, kama mfano tu. Shule ina ndege nne kwenye picha za matangazo. Kwa kweli tatu zimesimama zikingoja vipuri, moja njo inaruka. Ile moja inaruka masaa matano kwa siku, siku tano kwa juma: masaa 25. Wanafunzi ni 20. Kila mmoja anapata saa moja na robo kwa juma. Ili afikishe 150 anahitaji majuma 120, yaani zaidi ya miaka miwili, na hapo hatujahesabu siku za mvua, siku za fundi wa injini, na siku mwalimu mgonjwa. Kama shule iliahidi miezi 18, mwisho wa miezi ile atakuwa na masaa kama 97. Mtoto huyo hakosi uvumilivu. Anakosa ndege. Hata akivumilia kama Ayubu, saa moja na robo itabaki saa moja na robo.

Na si hasara ya feza peke yake. Ufundi wa mikono unasahaulika. Anayeruka mara moja kwa juma mbili anatumia nusu ya somo kukumbuka lile lililopita, na nusu ile nayo analipia.

Mfano wa Soroti unatufundisha mengi. Ile shule ya mapiloti ya Soroti, mashariki ya Uganda, ilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ili ifundishe mapiloti na mafundi wa ndege wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa wazo zuri: nchi tatu, shule moja, gharama wanagawana. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na shule ikabaki mikononi mwa Uganda peke yake. Mahitaji ya nchi tatu hayabebwi kirahisi na nchi moja. Miaka iliyofuata, magazeti na wabunge wa Uganda wamerudia mara nyingi malalamiko yale yale: ndege chache zinazoruka, walimu wachache, wanafunzi wanaokawia kumaliza. Siandiki hivi ili kuwakataza vijana kwenda. Shule imefundisha mapiloti wengi wa Afrika. Naandika ili tuelewe kwamba kutoridhika kwa mwanafunzi mara nyingi kunaanza mbali na darasa lake, kwenye bajeti, kwenye mkataba wa nchi, kwenye kontena ya vipuri. Yeye njo anayelipa kwa umri wake. Na sisi, kwa kuwa sasa tumo katika Jumuiya ya pili, tuna haki ya kuuliza: shule za pamoja ziko wapi, na nafasi zetu ni ngapi?

Sasa nije kwenye neno linaloniuma zaidi. Kwenye vyuo vyetu, kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Kwenye ndege, kunyamaza kunaua. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. Ndani ya ndege ya KLM, fundi wa safari aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka kwenye njia. Kapiteni, mtu mkubwa na wa jina, akajibu ndiyo, akaendelea. Yule fundi hakurudia. Karibu na sisi, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyotoka Douala kwenda Nairobi ilianguka usiku, muda mfupi baada ya kupaa, na watu wote 114 wakafa. Ripoti ya Kamerun ya mwaka 2010 ilitaja, kati ya sababu, ushirikiano uliokosekana kati ya mapiloti wawili: ndege ilikuwa inalala upande pole pole, na hakuna aliyekuwa anaishika kweli.

Baada ya ajali kama hizi, dunia ya ndege ilibadilisha malezi yake. Piloti mdogo anafundishwa kumwambia mkubwa: "Kapiteni, hapa kuna kosa." Tangu 2013 ICAO ina Kiambatisho cha 19, juu ya usimamizi wa usalama, na ndani yake kuna wajibu wa kuweka njia ya kuripoti hatari kwa hiari, na kumlinda anayeripoti. Sasa niambieni: shule ya mapiloti inayomtisha mwanafunzi kwa sababu ameandika barua ya malalamiko, inafundisha nini? Inafundisha kinyume cha kazi yenyewe. Inamtoa piloti ambaye siku moja, juu ya msitu wetu, ataona mafuta yanapungua na ataona haya kumwambia kapiteni. Huu njo ukosoaji wangu mkubwa kwa wenye shule. Na ni ukosoaji kwetu pia, sisi familia, tunaposaidia kumfunga mtoto mdomo.

Lakini tusiende upande mmoja tu. Si kila asiyeridhika ana haki. Kuna malalamiko ya aina tatu, na kuyachanganya njo kunaharibu.

Ya kwanza ni ya mkataba: masaa, feza, siku. Ya pili ni ya usalama: ndege inarushwa na kasoro, mwalimu amechoka, kitabu cha masaa kinajazwa masaa ambayo hayakurukwa. Ya tatu ni ya mwanafunzi mwenyewe: haelewi, anaogopa, mwalimu anamkaripia, mtihani wa kuruka ameshindwa mara mbili. Hii ya tatu inajificha mara nyingi ndani ya mbili za kwanza. Na kwa vijana wetu ina mzizi mmoja: lugha. Sisi tunasoma Kifaransa. Nairobi na Soroti wanafundisha kwa Kiingereza, na kwa safari za kimataifa ICAO inadai kiwango cha 4 katika ngazi 6 za lugha ya redio. Kiswahili chetu cha Kasongo kitakusaidia kununua ndizi sokoni Nairobi, hakitakusaidia kuongea na mnara. Kijana anasema "mwalimu ananichukia", kumbe amri zinapita sikio lake. Hapo dawa si barua kwa wakuu. Dawa ni miezi sita ya Kiingereza kabla ya kulipa saa ya kwanza ya ndege. Na kama kweli mwalimu na mwanafunzi hawapatani, kuomba mwalimu mwingine ni jambo la kawaida, si tusi.

Kuna na ushauri mwingine miwili inayotembea kwa vijana, nayo siikubali. Wa kwanza: "Piga kelele." Mtu anarekodi sauti ya dakika nane kwenye WhatsApp, anataja majina, anatukana, na kesho yake shule ina sababu ya kumfukuza kwa utovu wa adabu badala ya kumjibu juu ya masaa. Wa pili: "Toka, tafuta shule nyingine." Kutoka kunaweza kuwa sawa, lakini kutoka mikono mitupu ni kuanza upya. Masaa yako yanakufuata tu kama kitabu kimetiwa sahihi na walimu wenye haki, kama shule ilikuwa imeidhinishwa, na kama una nakala ya rekodi zako za mafunzo. Bila hayo, shule mpya itakuambia uruke tena, na ulipe tena.

Na kulipa kwenyewe: hapa wazazi wasikie. Gharama ya kozi nzima ni makumi ya maelfu ya dola. Kwetu hiyo ni parsele, ni ng'ombe, ni dhahabu ya miaka, ni deni la ukoo mzima. Shule nyingi zinapenda zilipwe zote mbele, na zinatoa punguzo tamu. Msikubali kwa haraka. Mwaka 2023, Uingereza, nchi yenye sheria na mahakama, shule mbili zilizojulikana, FTA Global na Tayside Aviation ya Dundee, zilianguka, na wanafunzi waliokuwa wamelipa mbele wakajikuta kwenye mstari wa wadai pamoja na mabenki. Kama inatokea kule, kwa nini isitokee karibu? Sisi wakulima tunajua: haulipi mavuno yote siku ya kupanda. Lipa kwa awamu, kila awamu ifuate masaa yaliyorukwa.

Basi afanye nini yule ambaye tayari amo ndani na haridhiki? Mimi naona njia hivi. Kila siku aandike kitabu chake mwenyewe, pembeni na kile cha shule: tarehe, ndege gani, saa ya kuondoka na kurudi, mwalimu, na siku ambayo hakuruka, sababu yake. Sababu ni muhimu. Mvua si kosa la shule, kukosa vipuri miezi mitatu ni jambo la shule. Akipata tofauti kubwa kati ya ahadi na masaa, aandike barua fupi kwa mkuu wa mafunzo, bila matusi: nimelipa hiki, nimepata hiki, naomba ratiba ya kilichobaki, na jibu kabla ya tarehe fulani. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakiwa wengi wenye tatizo moja, waandike pamoja, maana mmoja anatishwa, kumi wanasikilizwa.

Jibu lisipokuja, aende kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ile, maana njo iliyoidhinisha shule na njo yenye nguvu ya kuikagua. Mambo ya feza yanafuata mkataba, na mkataba unapelekwa kwa mwanasheria ama mahakamani. Lakini jambo la usalama halingoji hata siku moja. Ndege ukiiona na kasoro, hauruki, unaandika, unampa anayehusika na usalama. Masaa ya uongo usiyatie sahihi hata ukiahidiwa kumaliza mapema, kwa sababu siku utakapopata upepo wa pembeni kwenye kiwanja cha udongo, masaa yale hayatakuja kukusaidia.

Na kwa yule ambaye hajaondoka, swali la kwanza lisiwe "ni bei gani?" Liwe: ndege zinazoruka leo ni ngapi, wanafunzi ni wangapi, walimu wangapi? Mafuta yamo ndani ya bei ya saa ama hapana? Ndege zikisimama, feza zangu zinarudi namna gani? Aombe majina ya waliomaliza mwaka uliopita, awapigie. Kisha aulize na hapa nyumbani, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC, inayofanya kazi chini ya sheria nambari 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010: leseni ya nchi ile Congo inaitambua kwa masharti gani? Leseni ya kigeni haifanyi kazi hapa peke yake, inahitaji kuthibitishwa. Ni uchungu kumaliza masaa yote, halafu kukwama Kinshasa juu ya karatasi moja.

Sisi wenye lisansi tunaweza kusaidia kwa jambo dogo: kusoma mikataba hii pamoja na wazazi kabla ya parsele kuuzwa. Wengi wao hawasomi Kiingereza, na aibu ya kuuliza inawagharimu sana. Jioni moja, meza moja, kalamu moja, tunahesabu masaa na ndege kama tulivyofanya hapo juu. Na mtoto akipiga simu kutoka mbali akisema haridhiki, kabla ya kumpa neno la vumilia, tumuulize kwanza: umeruka masaa mangapi?